Mkasi Mkononi, Simu Mezani

Mwaka 2014, Erik Altmann na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, walichapisha matokeo ya jaribio ambalo kila mtu anayefanya kazi ya mikono peke yake angepaswa kulisikia. Waliwaketisha wanafunzi wapatao 300 mbele ya kompyuta na kuwapa kazi yenye hatua saba za kufuatana. Kila hatua ilikuwa nyepesi. Ugumu ulikuwa mmoja tu: kukumbuka umefika hatua ya ngapi, kwa kuwa kompyuta haikusema. Kila baada ya muda kazi ilikatizwa, mshiriki akaandika herufi chache, kisha akatakiwa kuendelea pale alipoishia. Ukatizaji wa wastani wa sekunde 2.8 ulifanya makosa ya mpangilio yawe mara mbili. Ule wa sekunde 4.4 uliyafanya yawe mara tatu.

Sekunde nne ni muda wa kutupia jicho simu na kuirudisha mezani.

Lakini kinachonigusa zaidi ni aina ya makosa yenyewe. Washiriki hawakuanza kufanya hatua vibaya. Kila hatua waliyoishika waliifanya sawasawa kama kawaida. Walichokosea ni kujua ipi inafuata: waliruka moja au wakarudia waliyokwisha kuifanya. Ujuzi ulibaki palepale. Kilichopotea ni mahali walipokuwa.

Sasa tumchukue fundi wa nguo za kike mwenye chumba kimoja Sinza, Dar es Salaam, anayebuni mwenyewe na kushona mwenyewe. Asubuhi amekunja kitenge cha mteja mezani, daftari la vipimo liko wazi: kifua 38, kiuno 32, nyonga 42. Anagawa kifua kwa nne, anapata inchi tisa na nusu, na kwa kawaida yake anaongeza inchi moja ya mshono na ya kupumulia kabla ya kupiga chaki. Hapo simu inalia. "Fundi, gauni langu limefikia wapi?" Anajibu kwa upole, anakata simu, anarudi kwenye kitambaa. Alama ya chaki ipo. Je, inchi moja ilishaongezwa au bado? Asipoiongeza gauni litabana. Akiiongeza mara ya pili litapwaya, na mteja ameleta yadi tatu tu za toleo ambalo Kariakoo limekwisha. Hesabu hiyo ameifanya miaka mingi, anaijua usingizini. Ndiyo maana anaweza kukata bila kupima tena, na ndiyo maana anakosea.

Watu wakiona kosa la namna hiyo husema fundi hana umakini, au amelewa sifa za Instagramu, au vijana wa siku hizi hawatulii. Sikubaliani nao hata kidogo. Ukitazama sayansi ya umakini ya takriban miaka 100 iliyopita, tatizo kubwa la mtu anayeendesha biashara ya ubunifu peke yake haliko kwenye tabia yake. Liko kwenye mivuko: kila anapotoka kazi moja kuingia nyingine analipa, na yeye huvuka mara nyingi kuliko mfanyakazi yeyote wa kampuni. Kwenye kampuni kuna wa kupokea simu, wa kupiga picha, wa kufuatilia madeni, wa kwenda kununua uzi. Kwake yeye, mbunifu, mkataji, mhasibu, mhudumu na tarishi wote wanatumia ubongo mmoja, na mteja anayetaka kuzungumza na mhudumu hana njia ila kumwinua mkataji.

Gharama hiyo ilipimwa mapema. Mwaka 1927 Mmarekani Arthur Jersild aliwapa watu orodha za hesabu, akawalinganisha wanaofanya aina moja ya hesabu mfululizo na wanaobadilisha kila mara, mathalani kujumlisha kisha kutoa kisha kujumlisha. Wanaobadilisha walichelewa. Mwaka 1995 Robert Rogers na Stephen Monsell walionyesha jambo zito zaidi: hata mtu akijua kwamba kazi itabadilika, na akapewa muda wa kujiandaa, gharama inapungua lakini haiishi. Sehemu yake huondoka pale tu unapokwisha kuishika kazi mpya. Kwa hiyo ile imani kwamba mzoefu anaweza kuruka huku na huku bila hasara haina msingi. Anaweza kuruka vizuri kuliko wengine, lakini bure hapana.

Kisha kuna kinachobaki nyuma. Mwaka 2009 mtafiti Sophie Leroy alikipa jina, mabaki ya umakini. Katika majaribio yake watu walianza na mafumbo ya maneno, kisha wakahamishiwa kazi ya kusoma na kupima maombi ya kazi. Waliosimamishwa kabla ya kumaliza mafumbo waliingia kwenye kazi ya pili wakiwa nusu, na waliifanya vibaya zaidi. Waliomaliza mafumbo, tena kwa muda uliowabana, waliyaacha nyuma kwa urahisi. Ukilileta jambo hili kwenye chumba cha Sinza utaona kwamba hasara ya simu ile haiishii kwenye gauni. Akifuata mteja mpya kuuliza bei, ile atakayotajiwa huku akili ya fundi ikiwa bado kwenye kitenge ni bei iliyosahau bitana, ikasahau zipu, ikasahau nauli ya kwenda kufuata vifungo. Mwisho wa mwezi atashangaa kwa nini ameshona sana na mfukoni hamna kitu.

Kwa nini jambo lisilokwisha linang'ang'ania hivyo? Berlin ya miaka ya 1920, katika maabara ya mwanasaikolojia Kurt Lewin, wanafunzi wawili wa kike walilishughulikia swali hili. Bluma Zeigarnik alidai mwaka 1927 kwamba watu hukumbuka zaidi kazi zilizokatizwa kuliko zilizokamilika. Dai hilo limekuwa maarufu mno, ingawa majaribio mengi ya baadaye hayakuliunga mkono ipasavyo. Mwenzake, Maria Ovsiankina, hajulikani sana, na naona hilo si haki, kwa sababu alichokiona yeye mwaka 1928 kimesimama vizuri zaidi: mtu aliyekatizwa huvutwa kurudi kumalizia, hata kama hakuna anayemlazimisha.

Mvuto huo unaweza kutulizwa bila kumaliza kazi. Mwaka 2011 E. J. Masicampo na Roy Baumeister walionyesha kwamba malengo yasiyotimizwa yaliwasumbua watu walipokuwa wakifanya kazi nyingine, lakini walioruhusiwa kuandika mpango mahususi wa jinsi watakavyoyatimiza waliacha kusumbuliwa, ingawa hakuna walichokuwa wamekifanya bado. Mwaka 2018 Leroy mwenyewe, pamoja na Theresa Glomb, walilijaribu wazo la karibu na hilo. Kabla ya kuiacha kazi uliyokatiziwa, chukua dakika moja uandike umefika wapi na ukirudi utaanza na nini. Waliofanya hivyo walihamia kazi ya pili wakiwa na mabaki machache, na waliifanya vizuri zaidi.

Kwa fundi wetu hilo halihitaji hata dakika. Kabla ya kugusa simu, aandike kwa chaki juu ya kitambaa chenyewe, upande wa ndani: "9½, +1 bado". Maneno hayo mafupi yanafanya kazi mbili. Yanamwachia akili ya kumsikiliza anayepiga, na yanamrudisha mahali hasa alipokuwa. Alama tupu ya chaki haisemi chochote kuhusu hatua; inaonyesha mstari tu. Mchora hina anayeacha ua katikati ya kiganja cha bibi harusi, mwoka keki ambaye hajui kama baking powder imeshaingia, msanifu wa kadi aliyeacha faili nane wazi, wote wanahitaji alama inayosema hatua na si alama inayosema mahali pekee.

Simu sasa. Utafiti wa Cary Stothart na wenzake wa Florida State, uliochapishwa 2015, ulionyesha kwamba mlio wa ujumbe peke yake, hata usipojibiwa wala kusomwa, huvuruga kazi inayohitaji umakini. Ushauri unaotolewa kila siku ni kuzima simu. Ushauri huo umetungwa kwa ajili ya mtu mwenye mshahara. Kwa fundi wa Sinza simu ndiyo duka, ndiyo kaunta na ndiyo sanduku la fedha. Akiizima asubuhi nzima, mteja wa sare za harusi atakuwa ameshahamia kwa fundi wa mtaa wa pili.

Kuna jaribio moja lililofanyika India na kuchapishwa 2019, likiongozwa na Nicholas Fitz, ambalo ndilo ningempa. Kwa wiki mbili, watu walipokea arifa za simu kwa njia tofauti: wengine kama kawaida, wengine kwa mafungu, wengine hawakupokea kabisa. Waliozipata kwa mafungu matatu kwa siku walijisikia makini zaidi, wenye tija zaidi na wenye kuimiliki siku yao. Waliozimiwa kabisa hawakupata nafuu kubwa. Walipata wasiwasi zaidi, wakihisi kuna jambo linawapita. Akili inatulia ikijua kwamba ujumbe utasomwa, na saa yake inajulikana. Kwa hiyo WhatsApp ya biashara iwekwe jibu linalojituma lenyewe: "Karibu sana. Najibu ujumbe saa nne asubuhi, saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni. Ya dharura, piga." Mlio wa ujumbe unyamazishwe, wa simu ubaki.

Isidhaniwe lakini kwamba wakosaji wote wako nje. Gloria Mark wa Chuo Kikuu cha California, Irvine, amefuatilia umakini wa watu kazini kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 2004, mtu alikaa kwenye skrini moja wastani wa dakika mbili na nusu kabla ya kuhamia nyingine; katika vipimo vya miaka ya karibuni ni sekunde 47. Na karibu nusu ya ukatizaji aliouona, watu walijikatiza wenyewe. Mbunifu anayejua kazi yake ataitambua saa hiyo: ni pale kola inapokataa kukaa, au rangi mbili zinapogombana, ndipo mkono unaenda wenyewe kutazama nani amependa picha ya jana.

Mark, Daniela Gudith na Ulrich Klocke waligundua pia, mwaka 2008, kwamba watu wanaokatizwa huimaliza kazi haraka zaidi, na ubora haukushuka. Walifidia kwa kukimbia. Baada ya dakika 20 tu walikuwa na msongo zaidi, hasira zaidi na hisia ya kubanwa na muda. Hilo linaelezea kwa nini mafundi wengi wanadhani wanamudu. Nguo zinatoka, wateja wanavaa, shughuli inapendeza, na mwenye cherehani anafika jioni amechoka uchovu ambao kazi ya mikono peke yake haiuelezi.

Ninavyoona mimi, la kulinda si siku nzima. Siku nzima hailindiki. Kuna wauza vyakula, watoto wa jirani, umeme unaokatika pasi ikiwa ya moto. Linda saa zile ambazo kosa halirudishiki. Kukata ni moja. Mshono uliokosewa hufumuliwa, pindo hushushwa, lakini kitambaa kilichokatwa kimekatwa. Basi magauni matatu yakatwe mfululizo asubuhi, kukiwa na mwanga na mtaa haujachangamka, na mlango uwe nusu. Kushona mistari mirefu, kupiga pasi, kutia vifungo, yote hayo yanavumilia salamu. Na salamu zisifutwe. Biashara ya uswahilini husimama juu ya "habari za nyumbani", na fundi asiyeitikia hapati wateja.

Kazi hizo nyepesi zina faida nyingine kwa mtu wa ubunifu. Mwaka 2009 Ut Na Sio na Thomas Ormerod walikusanya tafiti 117 kuhusu kuliacha tatizo gumu kwa muda na kulirudia. Kwa jumla kuliacha kunasaidia, na hasa pale panapotakiwa mawazo mengi tofauti. Katika baadhi ya mafumbo, aliyefanya kazi nyepesi wakati wa mapumziko alifaidika kuliko aliyekaa bure. Kwa hiyo kola ikikataa, dawa yake ni vifungo vya gauni jingine. Instagramu haifai hapa, maana inaijaza ile akili ambayo ingekuwa inaizungukia kola.

Sehemu iliyobaki iko kwetu wateja. Picha ya mshono, vipimo na tarehe ya shughuli vinatosha ujumbe mmoja, na havina haja ya kufika vipande vipande tangu alfajiri. Halafu kuna fedha. Mwaka 2013 jarida la Science lilichapisha utafiti wa Anandi Mani na wenzake juu ya wakulima 464 wa miwa wa Tamil Nadu, India. Wakulima walewale walifanya vibaya zaidi katika majaribio ya kufikiri kabla ya mavuno, fedha zikiwa zimekauka, kuliko baada ya kuvuna. Fundi anayedai wateja sita yuko katika hali ya kabla ya mavuno mwaka mzima. Advansi itolewe siku iliyoahidiwa, na salio lilipwe siku ya kuchukua gauni, kabla hajatandika mezani kitambaa cha mteja anayefuata.