Damu nyingi si hoja, hoja ni imefika wapi

WAGONJWA wengi wenye maumivu ya kifua huniuliza swali moja: "Daktari, hakuna dawa ya kuongeza damu moyoni?" Ni swali la haki. Hata hivyo, utafiti wa maabara umeonyesha kwamba kuongeza damu pekee hakutoshi. La muhimu ni mahali damu hiyo inapofika.

Mtu mzima anapopumzika, moyo wake husukuma takriban lita 5 za damu kila dakika. Misuli ya moyo wenyewe hupata kama asilimia 5 tu ya damu hiyo. Je, kila sehemu ya msuli huo hupata kiasi gani? Vishipa vya huko ni vidogo mno, haviwezi kufungiwa mita.

Ndipo watafiti wakabuni njia ya kutumia vitufe vya plastiki vyenye umbo la mpira na upana wa mikromita 15, yaani sehemu 15 za milimita moja iliyogawanywa mara 1,000. Chembe nyekundu ya damu ina upana wa mikromita 8 hivi, nayo hujikunja ikapenya katika vishipa vyembamba kabisa. Kitufe hakiwezi, hukwama papo hapo. Kwa hiyo, sehemu inayopata damu nyingi hunasa vitufe vingi.

Vitufe hutiwa upande wa kushoto wa moyo wa mnyama aliyepewa dawa ya usingizi. Wakati uo huo, pampu huvuta damu kutoka kwa ateri kwa kasi inayojulikana. Tuseme pampu inavuta mililita 10 kwa dakika na imenasa vitufe 1,000. Kipande cha msuli kikipatikana na vitufe 500, basi kilikuwa kikipata mililita 5 kwa dakika.

Njia hii ilielezwa mwaka wa 1967 na madaktari Abraham Rudolph na Michael Heymann wa Marekani, wakitumia vitufe vyenye mionzi ya nyuklia. Tatizo ni kwamba mionzi inaweza kuwadhuru wafanyakazi, na taka zake ni shida kutupa. Mnamo 1993, Robb Glenny na wenzake mjini Seattle walionyesha kwamba vitufe vyenye rangi inayong'aa hufanya kazi hiyo hiyo. Kipande cha mwili huyeyushwa kwa kemikali kali, rangi ya vitufe ikatolewa na kumulikwa, kisha mashine hupima mng'ao wake. Rangi moja hutumiwa kabla ya mshipa kuzibwa, nyingine baada ya kuzibwa, na nyingine baada ya dawa.

Vitufe vya mionzi vilikuwa tayari vimesaidia kufichua jambo la ajabu. Dawa iitwayo dipiridamoli, ambayo zamani ilipewa wagonjwa wa moyo, huongeza sana damu moyoni. Lakini mshipa mmoja ukiwa umeziba, sehemu iliyo mbele yake yaweza kupungukiwa zaidi! Sababu ni kwamba vishipa vya sehemu hiyo huwa tayari vimejipanua hadi mwisho. Dawa hupanua vile vizima, navyo huvuta damu yote. Ni kama jirani wa ghorofa ya chini wanapofungua mifereji yote, nawe uliye juu ukabaki na ndoo tupu.

Vitufe hivi havitumiwi kwa wagonjwa namna hii, kwa sababu huziba vishipa na hesabu yake hutaka mwili ukatwe. Lakini funzo lake limefika hospitalini. Leo dipiridamoli hutumiwa katika uchunguzi wa picha za moyo, ili sehemu inayokosa damu ijidhihirishe. Hupewa pia baadhi ya wagonjwa kuzuia kiharusi, kwa hivyo aliyeandikiwa asiiache bila kumwuliza daktari wake.

Basi ukiambiwa mtaani kwamba kuna dawa ya "kufungua mishipa yote", uliza: damu itaelekea wapi? Na maumivu ya kifua yanayobana, yakienea hadi mkononi au tayani, pamoja na jasho na kukosa pumzi, hayangoji dawa ya mtaani. Kimbia hospitalini mara moja.