Kiyoyozi cha gari: gesi ikizidi, ubaridi hupungua

Wakati wa kiangazi katika nchi za Ghuba, kiwango cha joto hupita nyuzi 40 za Selsiasi. Kiyoyozi cha gari kinapoanza kupuliza hewa vuguvugu, wenye magari wengi hununua kopo la gesi na kujijazia wenyewe. Mara nyingi gharama kubwa huanzia hapo.

Gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama petroli. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua, kuna mahali inapovuja. Ikizidi, shinikizo hupanda na ubaridi hupungua, hasa gari linaposimama kwenye foleni. Hatari zaidi ni gesi kuingia kwenye kompresa ikiwa bado majimaji. Kompresa haikuundwa kusukuma majimaji, na bei ya kompresa mpya hupita kwa mbali ile ya kopo moja.

Hatua zisizo na gharama

Kabla ya kulipa fedha yoyote, inafaa kuangalia kama feni ya mbele inazunguka kiyoyozi kikiwashwa. Vumbi lililoganda kwenye kondensa, kifaa kilicho mbele ya rejeta, lioshwe kwa maji yasiyo na nguvu nyingi. Feni mbovu au kondensa chafu huleta dalili zile zile za gesi kuzidi.

Gesi isifunguliwe hewani

Wapo wanaolegeza valvu ili kupunguza gesi. Gesi ya R134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, hivyo huweza kugandisha ngozi na kudhuru macho. Aidha, uwezo wake wa kuongeza joto duniani ni takriban mara 1,430 ya ule wa hewa ya ukaa. Nchini Marekani, kuiachia hewani kwa makusudi ni kosa kisheria tangu mwaka 1995.

Isitoshe, geji ya kopo hupima shinikizo la upande mmoja tu, wala haionyeshi uzito wa gesi iliyomo.

Njia ya uhakika ni gereji yenye mashine ya kuvuta gesi yote, kuondoa hewa na unyevu, kisha kurudisha kiasi kilichopimwa kwa gramu. Kiasi hicho huandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Mwenye gari akiomba huduma hiyo kwanza, huweza kuepuka kununua vipuri asivyovihitaji.