Mtoto Anaposubiri Moyo Mwingine

Moyo wa mtoto hauzidi sana ukubwa wa ngumi yake. Virusi vikiishambulia misuli yake, mtoto aliyekuwa akicheza juzi huanza kuhema, hukataa chakula, na aliye mchanga hutokwa na jasho anaponyonya. Wazazi wengi hudhani ni kifua tu.

Dawa zikishindwa, madaktari hawana budi kutafuta chombo cha kuusaidia moyo huo kusukuma damu. Pampu za watu wazima hazienei katika kifua cha mtoto. Ipo mashine ifanyayo kazi ya moyo na mapafu pamoja, lakini hiyo ni ya siku au majuma machache, na mara nyingi mtoto hulala tu kitandani. Kusubiri moyo wa kupandikizwa huweza kuchukua miezi.

Mjini Berlin, Ujerumani, mwaka 1990, mvulana wa miaka 8 alitegemezwa kwa pampu iliyokaa nje ya mwili hadi alipopata moyo mwingine. Pampu ya aina hiyo, Berlin Heart EXCOR, sasa ina saizi hata za watoto wachanga. Iliyo ndogo kabisa huchukua mililita 10 za damu, yaani vijiko viwili vya chai. Mipira hutoka moyoni, hupenya ngozi ya tumbo na kuingia katika pampu, nayo huendeshwa kwa hewa kutoka mtambo wenye magurudumu. Mtoto huweza kula, kucheza, hata kutembea, ila asiuache mtambo nyuma.

Pampu yenyewe huonyesha ndani kama glasi. Damu ipitayo katika chombo kigeni huelekea kuganda. Kwa hiyo, pamoja na dawa za kuzuia hali hiyo, wauguzi huimulika kila siku kwa tochi. Mwandishi huyu anakiri kwamba tochi hiyo ndiyo iliyomgusa kuliko mitambo yote. Bonge likichomoka na kufika ubongoni, huleta kiharusi. Katika uchunguzi wa watoto 48 uliochapishwa Marekani mwaka 2012, asilimia 29 walikipata. Hata hivyo, zaidi ya wanane katika kila kumi walifika siku ya kupandikizwa au kupata nafuu.

Moyo unaosubiriwa ni wa mtoto mwingine aliyefariki, ambaye wazazi wake, katikati ya msiba, wamekubali kuutoa. Lakini mara nyingine, hasa ugonjwa ukiwa umetokana na virusi, moyo wa mgonjwa mwenyewe hupata nguvu tena, na pampu huondolewa.