Minada ya Magari ya Kale: Bei Inavyopanda, Inavyoshuka na Inavyopaswa Kusomwa

Tarehe 5 Mei, 2022, katika jumba la makumbusho la Mercedes-Benz mjini Stuttgart, Ujerumani, gari aina ya Mercedes-Benz 300 SLR Uhlenhaut Coupé lililotengenezwa mwaka 1955 liliuzwa kwa Euro milioni 135 katika mnada wa waalikwa wachache. Hiyo ni bei kubwa kuliko zote zilizowahi kutolewa mnadani kwa gari. Magari ya aina hiyo yalitengenezwa mawili tu, na kampuni ilitangaza kuwa fedha za mauzo zitaanzisha mfuko wa kufadhili vijana katika masomo na miradi ya mazingira. Kabla ya hapo, rekodi ilishikiliwa na Ferrari 250 GTO ya mwaka 1962, iliyouzwa Monterey, California, mwezi Agosti 2018 kwa Dola za Marekani 48,405,000.

Taarifa za namna hiyo huwafanya wengi wenye magari ya kale waamini kuwa mali zao nazo zimepanda thamani. Ili kujua kama ni kweli, ni muhimu kuelewa mnada unavyojenga bei.

Bei inayojulikana na wote

Gari la kale linapouzwa baina ya watu wawili, bei hubaki siri yao. Mnadani, kinyume chake, bei hutangazwa na kuhifadhiwa. Kwa sababu hiyo, matokeo ya mnada hugeuka kipimo: kampuni za bima huyatumia kukadiria fidia, warithi huyatumia kugawana mali, na muuzaji anayefuata huyatumia kupanga bei yake. Minada ya mtandaoni imeongeza uwazi huo, kwani mtu yeyote anaweza kufuatilia dau baada ya dau.

Kuanzia makadirio hadi nyundo

Kabla ya mnada, kampuni ya mnada hukagua gari na nyaraka zake, kisha hutangaza makadirio ya bei. Mwenye gari naye hukubaliana na kampuni kiwango cha chini ambacho gari haliwezi kuuzwa chini yake, na kwa kawaida kiwango hicho huwa siri. Nyundo ikigongwa, mnunuzi huongezewa ada ya kampuni juu ya dau lake.

Ferrari ya mwaka 2018 inaonyesha umuhimu wa kutofautisha hatua hizo. Makadirio yalikuwa kati ya Dola milioni 45 na milioni 60, ilhali nyundo iligongwa kwenye Dola milioni 44. Zilizobaki, zaidi ya Dola milioni 4.4, zilikuwa ada. Hivyo, mauzo yaliyovunja rekodi yalikuwa, kwa dau lenyewe, chini ya makadirio ya chini kabisa.

Bei huamuliwa na mshindani wa pili

Mnunuzi mmoja, hata awe tajiri kiasi gani, hawezi peke yake kupandisha bei mnadani. Iwapo wa kwanza yuko tayari kutoa Dola milioni 100 na wa pili anakoma milioni 60, gari litauzwa kwa zaidi kidogo ya milioni 60. Asipokuwapo wa pili, gari hilohilo linaweza kuuzwa kwa nusu ya kiasi hicho, au kurudi kwa mwenyewe bila kuuzwa. Likirudi, wote hufahamu, na wanunuzi huanza kujiuliza lina kasoro gani.

Ndiyo maana rekodi moja haitoshi kuwa bei ya soko. Huhitaji watu wawili wanaolitaka gari lilelile kwa siku ileile, na baada ya mauzo mmoja wao huwa ameshapata alichokitaka.

Historia ya gari na mabadiliko ya soko

Jambo jingine ni historia iliyothibitishwa. Mwaka 2013, huko Goodwood, Uingereza, Mercedes-Benz W196 ambayo Juan Manuel Fangio aliiendesha na kushinda mashindano mwaka 1954 iliuzwa kwa takribani Pauni milioni 19.6, ikiwa haijakarabatiwa na alama za uzee zikionekana. Kilichonunuliwa ni chuma pamoja na ushahidi wa yaliyotendwa nacho. Hali ni hiyohiyo kwa magari yaliyoshiriki mbio za Safari za Afrika Mashariki, zilizoanza mwaka 1953: simulizi bila nyaraka haiongezi bei.

Aidha, bei hushuka. Ferrari 250 GTO, ambayo yalitengenezwa magari 36 tu na ikauzwa Marekani kwa Dola 18,000 ilipokuwa mpya, ilipanda kwa kasi baada ya Enzo Ferrari kufariki mwezi Agosti 1988. Mwaka 1989 iliuzwa kwa zaidi ya Dola milioni 10. Walanguzi walipojiondoa sokoni mwanzoni mwa miaka ya 1990, bei haikufikia hata nusu ya kiasi hicho. Waliokopa ili kununua ndio walioumia zaidi.

Mambo ya kuzingatia

Anayetaka kununua au kuuza gari la kale anashauriwa kulinganisha mauzo kadhaa ya gari la aina na hali ileile, yakiwemo yaliyoshindikana, badala ya kutegemea rekodi moja. Ni vyema aulize kama bei iliyotangazwa inajumuisha ada, na ajumlishe gharama za usafirishaji, kodi na matengenezo kabla ya kutoa dau. Mwenye gari ahakikishe namba za chasi na injini zinalingana na kadi ya usajili, ahifadhi risiti za matengenezo, na asiharakishe kupaka rangi mpya au kubadili vipuri vya awali kabla ya kupata ushauri wa mtaalamu, kwa kuwa kilichoondolewa ndicho pengine mnunuzi angekilipia.