Muulize Anayeanika Nguo

Ukitafuta nyumba ya kupanga Umoja au Kayole, hapa Nairobi, keyateka anayeitunza atakuapia kwamba maji hayakatiki. Atafungua bomba la jikoni mbele yako na maji yatatoka kweli. Mpangaji mzoefu halishughulikii bomba. Anahesabu mitungi ya manjano iliyopangwa kwenye korido, kisha anapanda juu ya paa kumsalimia mama anayeanika nguo. "Mama, hapa maji huja siku gani?" Haulizi kama yapo.

Mpangaji huyohuyo akiingia saiba kutumia intaneti, ujanja wote anauacha mlangoni.

Juzi juzi nilimkuta kijana wa jirani katika saiba moja karibu na soko la Mutindwa, akijaza fomu ya kazi ya shirika la misaada. Ukurasa ulikuwa na nembo, picha ya gari jeupe, na nafasi za madereva na makarani wa ghala. Chini kabisa, kwa herufi ndogo, alitakiwa kutuma shilingi 850 za "kufungua faili" kwa M-Pesa, kwenye namba ya simu ya kawaida. Nikamuuliza kwa nini ameuamini.

"Si unaona ilivyopangwa poa, anti? Matapeli hawaandiki hivi."

Tusimcheke. Mwaka 2002 B.J. Fogg na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwaomba watu zaidi ya 2,600 wapime tovuti na waeleze kwa nini waliamini hii kuliko ile. Sababu iliyotajwa kuliko zote, katika asilimia 46 hivi ya maelezo, ilikuwa sura: mpangilio, rangi, herufi. Hata tovuti za afya na za fedha zilipimwa kwa mavazi yake.

Akili ina sababu zake. Mwaka 1999 watafiti Rolf Reber na Norbert Schwarz waliwaonyesha watu sentensi fupi kama "Osorno uko Chile", baadhi kwa rangi inayosomeka vizuri na nyingine kwa rangi iliyofifia. Zilizosomeka kwa urahisi ziliaminiwa zaidi kidogo. Jambo linaloingia kichwani bila kukwaruza tunadhani ni kweli. Kurudiwa nako hulainisha vivyo hivyo, na hilo Lynn Hasher na wenzake walilionyesha tangu 1977: sentensi ambayo watu walikuwa wameisikia wiki chache nyuma waliiona kuwa ya kweli zaidi, hata kama ilikuwa uongo. Sasa fikiria kundi la WhatsApp la ploti yenu, ujumbe mmoja ukiletwa asubuhi na mwenyekiti, mchana na mama wa duka, jioni na shemeji yako. Umeusikia kwa watu watatu. Chanzo ni kimoja.

Wanaotunga uongo wanayajua haya. Kabla ya uchaguzi wa Agosti 2017, Wakenya walitumiana video zilizovishwa nembo za BBC na CNN, zikitangaza kura ya maoni iliyomweka mbele Uhuru Kenyatta, rais wa wakati huo. Mashirika yote mawili yalizikana. Kilichoibwa pale kilikuwa vazi tu, nalo lilitosha.

Basi wengi hushika ishara moja na kuing'ang'ania. Kile kikufuli kando ya anwani, kwa mfano, husema tu kwamba mawasiliano yako na tovuti yamefichwa njiani. Tapeli naye hukipata bure. Google ilikiondoa kwenye kivinjari chake cha Chrome mwaka 2023 kwa sababu watu walikisoma vibaya. Anwani inayoishia .go.ke ina uzito zaidi, maana hutengewa ofisi za serikali. Ila .com hununuliwa na yeyote mwenye pesa kidogo.

Utafiti ninaoupenda ni wa Sam Wineburg na Sarah McGrew, pia wa Stanford, mwaka 2017. Waliwapa wanahistoria 10, wanafunzi 25 na wahakiki wa habari 10 kurasa zilezile. Wanafunzi, na hata baadhi ya wanahistoria, walizisoma kwa makini juu hadi chini, wakazama kwenye nembo na majina mazito. Wahakiki hawakukaa. Baada ya muda mfupi walifungua kurasa nyingine kuuliza wengine wanasema nini juu ya tovuti ile, na ndio waliopatia haraka. Kwa maneno mengine, walimwacha keyateka na bomba lake wakapanda juu ya paa.

Mhudumu wa saiba alikuwa ametusikia. Aliandika jina la shirika kwenye kompyuta ya pili, akapata tovuti yao halisi. Tangazo la kwanza lilisema hawatozi mwombaji kazi hata senti. Kijana bado akasita. Akaingiza ile namba kwenye M-Pesa, akaandika 850, na kabla ya kuthibitisha likatokea jina la mpokeaji: majina mawili ya mtu, bila shirika lolote. Akalitazama kwa muda, akabonyeza kughairi, akauliza saiba ni ngapi.