Selfu Inapiga, Injini Haiwaki: Tazama Moshi Kwanza

Je, wajua kwamba injini za dizeli za 2L na 3L, zilizofungwa kwenye Toyota Hilux nyingi za zamani, hazina hata plagi moja ya kutoa cheche? Pistoni inaibana hewa mpaka ujazo wake unapungua takribani mara 22, na hewa hiyo inapata moto wa zaidi ya digrii 500. Pampu ya baiskeli nayo hupata moto kwa sababu hiyohiyo. Nozeli ikinyunyiza dizeli humo ndani, inawaka yenyewe.

Kwa hiyo pikapu ya aina hii ikipiga selfu vizuri na isiwake, kuna mambo mawili makubwa ya kujiuliza: dizeli inafika? Joto linatosha? Jibu liko kwenye ekzosi. Mwambie mwenzako apige selfu kwa sekunde kumi hivi, wewe uangalie bomba. Moshi mweupe ukitoka, dizeli imefika kwenye silinda ila haijaungua. Pasipo moshi wowote, dizeli haijafika. Inaniuma kuona gari lisilotoa moshi likibadilishiwa hita plagi, au lenye moshi mweupe likishushwa pampu. Hiyo ni pesa ya mtu inayopotea bure.

Tuseme hakuna moshi. Injini hii huzimwa kwa kukatiwa mafuta, na kazi hiyo inafanywa na solenoidi ndogo iliyo nyuma ya pampu ya nozeli. Ukifungua swichi, umeme wa betri unavuta kipini chake na njia ya dizeli inafunguka. Ukifunga, springi inakirudisha. Fungua swichi bila kupiga selfu, chomoa waya wa solenoidi kisha uuguse tena mahali pake. Lazima usikie “tak”. Ukisikia kimya, pima waya kwa taa ya majaribio: umeme ukiwepo, solenoidi imekufa, usipokuwepo, fuata fyuzi na nyaya.

Ikilia, shuku hewa. Kwenye Hilux hizi pampu ya nozeli yenyewe ndiyo inayovuta dizeli kutoka kwenye tanki, hakuna pampu nyingine ya kuisukumia. Ndiyo maana mpira uliopasuka unaweza usidondoshe hata tone: unanyonya hewa. Mtu anachungulia chini ya gari, anaona pakavu, anasema mafuta hayana tatizo. Kumbe usiku kucha dizeli imerudi tankini. Bonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta mpaka iwe ngumu, kisha jaribu tena. Ikiwaka, halafu kesho asubuhi ikagoma, funga kipande cha mpira wa dizeli unaoonyesha ndani kati ya filta na pampu. Mapovu utayaona yakipita.

Moshi mweupe unakupeleka kwenye hita plagi. Katika injini hizi dizeli huanza kuungua ndani ya chemba ndogo ya pembeni, na kuta zake zikiwa za baridi hunyang'anya hewa joto lake. Kwa asubuhi za Njombe au Limuru, hita moja au mbili zilizokufa zinatosha kukuchelewesha kazini. Tenganisha hita zote nne na bamba la umeme linaloziunganisha, kisha unganisha taa ya majaribio kwenye chanya ya betri na uguse ncha ya kila hita. Isiyowasha taa ibadilishe. Angalia na betri: selfu ikizunguka kwa uvivu, joto la kutosha halipatikani.

Kitambaa chenye petroli au dawa ya kupulizia kwenye njia ya hewa, kataa kabisa. Hita ikiwa nyekundu, mvuke ule unalipuka kabla ya wakati, na ringi au pistoni inaweza kuvunjika.

Na kama selfu inazunguka kwa wepesi usio wa kawaida, acha kupiga mara moja. Huenda mkanda wa taimingi umekatika na valvu zimegongana na pistoni. Fungua kava ya mbele uukague kabla ya kugusa kitu kingine.