Hofu Isiyokwisha na Kinga ya Mwili

Mapema mwaka 2008, ghasia za baada ya uchaguzi zilipowafukuza maelfu ya watu makwao katika Bonde la Ufa, uwanja wa maonyesho ya kilimo mjini Nakuru, Kenya, uligeuka kambi ya mahema. Magonjwa ya kambi kama ile huwa tunayaeleza kwa baridi, njaa na msongamano, na hatukosei. Nashikilia kwamba hofu nayo ni chanzo, kwa maana ya mwili hasa.

Vijidudu vinapoingia mwilini, chembe za kinga hutoa kemikali ziitwazo saitokini. Hizo huleta homa, huita chembe nyingine, tena huupasha ubongo habari. Ubongo nao huziamuru tezi mbili zilizokaa juu ya figo zitoe homoni ya kotisoli, ambayo huzituliza chembe zilezile zilizopiga mbiu. Kotisoli basi si adui wa kinga. Ni breki yake. Mwaka 1855 Thomas Addison, daktari wa London, alieleza habari za wagonjwa waliodhoofika hadi kufa baada ya tezi hizo kuharibika, wengi wao kwa kifua kikuu. Lakini hofu huzisukuma tezi hizohizo hata pasipo kijidudu. Ikiwa ya saa moja, haidhuru, na huenda hata ikaziamsha chembe za kinga. Ikidumu miezi, breki hulika: chembe huacha kuitii kotisoli, na uvimbe ndani ya mwili hukosa wa kuuzuia.

Atakayesema kwamba njaa na msongamano vinatosha kueleza yote, na atazame utafiti wa Sheldon Cohen na wenzake uliochapishwa mwaka 1991. Watu 394 wenye afya walitiwa virusi vya mafua puani huko Uingereza, wakatengwa na kuchunguzwa. Katika kundi lenye msongo mdogo wa mawazo, karibu asilimia 27 waliugua. Katika kundi lenye msongo mkubwa, asilimia 47. Chakula, usingizi na sigara vilipozingatiwa, tofauti haikufutika.

Wengine watauliza: ikiwa kotisoli ikidumu hudhuru, mbona deksamethasoni, dawa ya jamii ya kotisoli, iliokoa wagonjwa wa Uviko mwaka 2020? Iliokoa kweli. Kati ya waliopumua kwa mashine, vifo vilipungua kwa thuluthi moja. Lakini wasiohitaji oksijeni haikuwafaa kitu. Ilifaa pale kinga yenyewe ilipokuwa ikiunguza mapafu. Wanaotumia dawa za jamii hiyo kwa muda mrefu, kinyume chake, huwa katika hatari zaidi ya kifua kikuu kilicholala kuamka, na inakadiriwa kuwa robo ya watu duniani wamewahi kuambukizwa bakteria wa ugonjwa huo.

Kwa hiyo mafuriko yanapobomoa nyumba, kama yalivyofanya Mai Mahiu Aprili 2024, kumpunguzia hofu aliyenusurika kwa kumwambia atalala wapi mwezi ujao na shamba lake litakuwa la nani ni kazi ya afya ya umma. Iwekwe katika bajeti ya kaunti pamoja na vyandarua na dawa za kutibu maji, na ianze wiki ya kwanza.